Rangi ya Mama Yako

Rehema mwanangu,

Umekwenda kusukwa, na kwa jinsi unavyopenda nywele ndogondogo najua msusi hatakuachia kabla ya giza. Nimekaa hapa studio, mlango nimeuegesha ili wateja wadhani sipo. Nakuandikia kwa mkono. Ujumbe wa simu ungeusoma umesimama, na haya nataka uyasome umekaa.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kukuambia namna ya kupanga nguo kwenye begi, watu wa kukaa nao na watu wa kuwakimbia, na leo asubuhi amerudia yote kana kwamba jana ulikuwa kiziwi. Mimi nina jambo moja tu. Ni ile picha uliyoitia rangi.

Jumapili ulipotoka ibadani uliingia nayo sebuleni umeifunga kwenye kanga. Ukaifunua mbele yetu: Bibi yako wa Ihanja, Shangazi na mimi. Mama yako Salome, amesimama mbele ya alizeti, na kwa mara ya kwanza tangu upate akili ana rangi. Gauni la bluu. Mbingu ya bluu. Midomo imekolea. Wote mkanigeukia mimi, maana mimi ndiye fundi, na mimi ndiye niliyempiga picha. Nikasema, "Umepatia."

Hilo ndilo neno ninalotaka kulirudisha. Sikujua kama umepatia. Mahali pengine nilijua kabisa kwamba hukupatia, na bado nikasema.

Umekua ukiamini picha za mama yako ni za kijivu kwa sababu ni za zamani. Hata wewe unayekwenda kusomea kompyuta hukuwahi kuuliza, na sikulaumu. Mtoto huzikuta picha ukutani kama anavyoukuta ukuta wenyewe. Lakini mama yako hakuishi enzi za mkoloni, Rehema. Nilimpiga kwa kamera ya dijitali, nyingi zikiwa shambani kwa Bibi yako, jua kali, alizeti zimefunguka. Zilikuwa na rangi zote. Mimi ndiye niliyeziondoa.

Wakati ule studio iliishi kwa misiba. Si jambo la kupendeza kulisema ila ndivyo ilivyokuwa. Watu walileta picha ya marehemu, nikaisafisha, nikaiweka kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, kisha ikaenda kwenye mashine ya kutoa kopi yenye wino mweusi peke yake. Picha ya rangi ukiipeleka vilevile kwenye mashine ile, uso ulitoka kama umepakwa masizi. Ilibidi kwanza uigeuze kijivu. Nilikuwa nikizigeuza moja moja, mpaka jirani yangu wa fremu ya duka la pili, aliyefundisha kompyuta, alipochoka kuniona nikihangaika akanifundisha kuandika programu.

Huko uendako watakueleza kwa maneno makubwa. Mimi nilielewa hivi. Picha ni nukta tu, nyingi mno, na kila nukta imebeba namba tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Kila namba inaanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano. Kijivu chenyewe hakihitaji tatu, kinahitaji namba moja. Basi unajumlisha zile tatu, unagawa kwa tatu, jibu unaliweka pale. Niliipenda sana hesabu ile. Niliona ni haki tupu, kila rangi imepata fungu sawa na hakuna wa kununa. Unaielekeza programu kwenye folda, inapita picha zote, wewe unakunywa chai.

Na niliiandika ili kila picha ya kijivu ihifadhiwe juu ya ile ya rangi, kwa jina lilelile. Hiyo niliifanya kwa kusudi. Nilipoacha zote mbili, niliishia kuchapa ya rangi kwa kukosea, na kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo, inajaa upesi. Mteja alibaki na picha yake halisi nyumbani, kwa hiyo sikumpotezea kitu. Ilikuwa njia nzuri ya kazi, na nilijisifu nayo kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Mama yako alifariki wakati unajifunza kufunga vifungo vya sweta. Aliugua muda mfupi sana, hatukupata hata nafasi ya kuogopa. Watu wakajaa uani kwetu Mandewa, matandiko yametandikwa mpaka kwa jirani, na mazishi yalipangwa kuwa Ihanja. Kaka yako Joeli, mtoto wa Shangazi, akanifuata nilipokaa akaniambia kwa upole, "Pole, Mjomba. Wa ratiba wanasubiri picha."

Nikaja hapa hapa nilipokaa sasa. Nikafungua folda yake. Ya kwanza kunitokea ni hiyo ya alizeti, anacheka, na nikashindwa kumtazama. Nakuambia kweli, nilishindwa. Kuchagua moja kulitaka nizipitie zote, na katika kila moja alikuwa mzima, ana midomo yake na gauni lake, wakati nilikuwa nimetoka kumwona alivyolala. Nikawaza kwamba nikizigeuza zote kwanza, atafanana na marehemu wengine wanaopita hapa. Marehemu wengine niliwamudu. Nikaielekeza programu kwenye folda yake, nikabonyeza, nikaenda kusimama mlangoni nimeipa kompyuta mgongo. Nilipogeuka ilikuwa imemaliza. Nikamwita Joeli, nikamwambia, "Chagua wewe."

Kwamba hazirudi, hilo halikunijia hadi tulipotoka kuzika, nilipotaka kuchapa moja ya rangi niitundike sebuleni. Nikatafuta kwenye flashi. Nikatafuta kwenye kadi ya kamera, ambayo tayari nilikuwa nimeifuta na kuipigia harusi za watu. Jirani yangu alikuja akaangalia, akasema, "Bwana wangu, ukishagawa umegawa. Kwenye nukta hii una tisini. Zile tatu zilikuwa ngapi ngapi, kompyuta haijui tena." Nilimchukia yule mtu muda mrefu kwa kosa la kusema kweli.

Nilidhani nimepoteza picha tu. Mwanzoni nikifumba macho nilimwona na rangi zake zote. Lakini nilikuwa nikizitazama zile picha kila jioni kabla ya kufunga studio, na kadiri nilivyozitazama ndivyo rangi zilivyonitoka kichwani, mpaka akaanza kunijia akiwa kijivu. Anapita hapo mlangoni na beseni kichwani, kijivu. Nampiga mteja picha ya pasipoti, pazia nyuma yake ni jekundu, mteja ana rangi zake, na nyuma ya bega lake amesimama mama yako hana hata moja. Sikuwahi kumwambia mtu. Wangesema nimechanganyikiwa. Hata sasa ninapoandika yupo pembeni ya kabati, na simwogopi. Ninachoogopa ni kwamba huyo si yeye, ni zile picha zangu zimevaa umbo lake.

Na haikuniishia mimi. Ulipokuwa darasa la awali mwalimu wako aliniita shuleni. Mlikuwa mmeambiwa mchore familia. Mimi ulinipaka kahawia, wewe kahawia, Shangazi kahawia na kilemba cha zambarau. Mama yako ulimchora kwa penseli tupu. Mwalimu alipokuuliza mbona mama umemwacha, ukamjibu, "Sijamwacha. Mama yangu yuko hivyo." Mwalimu alicheka, nami nikacheka kwa adabu, kisha nikazunguka nyuma ya madarasa nikalia mpaka kengele ya kutoka ikagongwa.

Ubaya mwingine wa hesabu yangu nilikuja kuonyeshwa na kwaya. Walitaka vipeperushi vya tamasha lao. Sauti ya kwanza walikuwa wamevaa nyekundu, sauti ya pili kijani. Nikageuza, nikachapa, wakachukua. Baada ya muda mwalimu wa kwaya akarudi mbio, jasho linamtoka.

"Fundi, umenifanya nini?"

"Kuna nini tena?"

"Akina mama wamegombana kushona sare mbili, karibu kwaya ivunjike. Wewe umewavalisha wote moja! Unataka wanipige?"

Nilitazama, na kweli, hapakuwa na tofauti hata kidogo. Nikamwomba radhi, nikachukua tena picha yao halisi nikamchapia nyingine za rangi, kisha nikakaa chini kutafuta kosa. Programu haikuwa na hitilafu. Kosa lilikuwa kwenye ile haki yangu. Jicho la mtu haligawi sawa, Rehema. Kijani linakiona king'avu sana, nyekundu kiasi, bluu kidogo mno. Anayetaka kijivu kinachofanana na tunavyoona anachukua katika kila mia kama thelathini za nyekundu, hamsini na tisa za kijani na kumi na moja za bluu. Mimi nilikuwa nazipa zote fungu moja, kama mtu anayegawa chakula kwa mtoto mchanga na mkulima, kisha anajiona mwadilifu.

Nilipojua hivyo nikafungua tena picha ya alizeti. Ukiitazama utaona maua yamefifia kuliko mbingu. Nani amewahi kuona alizeti ya Singida imezidiwa mwanga na mbingu mchana? Ni hesabu yangu ndiyo iliyoyazima. Nikapima gauni. Kwenye bega, pasipo na kivuli, ni tisini.

Hapo ndipo nilipoanza kuwauliza watu. Gauni lenyewe lilikuwa limekwenda. Tulipomaliza msiba nguo zake ziligawiwa kwa ndugu kama ilivyo desturi, hilo likachukuliwa na binamu yake, likavaliwa, likaishia kuwa tambara la kupigia deki. Nikamuuliza Shangazi yako. Akasema jekundu, jekundu la kuiva, yeye mwenyewe alishalifua na likamchafulia mashuka. Nikamuuliza Bibi yako. Akasema kijani, alilinunua mwenyewe mnadani akambebea bintiye. Nikawakutanisha. Nilikoma. Shangazi alisema Bibi amezeeka, Bibi akahamia Kinyaturu, na katika yale aliyoyasema nilifurahi kwamba Shangazi hakuyasikia yote.

Nikarudi kwenye namba nikidhani zitaamua. Nyekundu ya mia na themanini, arobaini na hamsini: jumla mia mbili na sabini, gawa kwa tatu, tisini. Kijani cha arobaini, mia na hamsini na themanini: jumla mia mbili na sabini, tisini. Wote wawili wamesema kweli mbele ya hesabu yangu. Kama ningetumia ile hesabu ya jicho tangu mwanzo, nyekundu hiyo ingetoka kama themanini na tatu na kijani kama mia na tisa, na leo ningekuambia bila kupepesa macho kwamba huyu amekumbuka na huyu amesahau. Ningekuwa nimempoteza nusu. Nilimpoteza kabisa.

Sasa njoo kwenye Jumapili. Uliponiambia umempa mama yako rangi kwa kutumia ile programu ya simu, nilikuwa wa kwanza kuifungua kwenye simu yako na kupima ulipokwenda jikoni. Bluu yako nayo inatoa tisini. Haijakosea popote ninapoweza kuinyooshea kidole. Programu hiyo haimjui mama yako. Imeona watu wengi wa mahali pengine, magauni ya watu wengine, ikabuni. Mimi niliondoa bila kuuliza, yenyewe imerudisha bila kujua.

Lakini uliona kilichotokea kwa Bibi yako? Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Aliisogeza picha mpaka ikakaribia kumgusa pua, akalia, akasema, "Eeh, lilikuwa la bluu. Sasa nimekumbuka." Yule yule aliyetaka kupigana kwa ajili ya kijani. Na Shangazi yako akatikisa kichwa, akasema labda jekundu lilikuwa jingine. Kilichonipata mimi na zile za kijivu kimewapata wao kwa mara moja, mchana, wakifurahi. Nyekundu imekufa, kijani kimekufa, na aliyebaki kushuhudia ni simu.

Nisingekuandikia kwa ajili ya gauni. Gauni nimelisamehe. Ni kile ulichosema baadaye, wakati tunakula.

Uliishika picha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukaunyoosha pembeni yake, ukacheka ukasema, "Kumbe Mama alikuwa mweupe hivi! Baba maji ya kunde, Mama mweupe, mimi weusi huu nimeuokota wapi?" Tukacheka wote. Nikacheka na mimi. Shangazi akasema mtoto huchukua hata kwa babu, na mazungumzo yakaenda kwingine. Wewe hukuwa unacheka tena, nilikuona. Ulikuwa bado unautazama mkono wako.

Na juzi nimeona losheni mpya dirishani bafuni. Nimesoma kilichoandikwa. Sina la kukuamuru, wewe ni mtu mzima na ngozi ni yako. Ila nilisimama pale bafuni nimeishika, kwa sababu nilielewa unajaribu kumfuata nani. Unamfuata mtu ambaye hayupo na hakuwahi kuwapo, aliyetengenezwa na uvivu wa huzuni yangu na ubunifu wa simu yako. Na mimi, fundi mkubwa, nilikupa muhuri. Umepatia.

Hukupatia, mwanangu. Ile programu ilimchora upya uso. Mama yako alikuwa mweusi. Weusi wako wewe, si mwingine.

Utaniuliza nimejuaje, mimi niliyekiri hapa kwamba namwona kijivu. Nilijaribu hata namba. Mwaka huu nilipokupiga picha pale kwenye alizeti za Bibi, niliigeuza picha yako kwa ile hesabu yangu mbaya ya zamani, nikapima shavu lako na shavu lake. Zilikaribiana sana. Lakini kamera si ile, jua si lile, na nimeshachoka kuziamini namba pale zinaponipendelea. Siutoi huo kama ushahidi.

Ninachokijua ni hiki. Ipo siku moja ya mama yako ambayo bado ina rangi zake, na ni siku uliyozaliwa. Kamera ilikuwa kwa fundi ikitengenezwa. Nilifika hospitali mikono mitupu, nimenuna, nikilalamika kwamba mpiga picha mzima sina hata picha moja ya mtoto wangu wa kwanza. Kwa hiyo siku hiyo haikuingia kwenye folda yoyote. Hakuna nilichokitazama tena na tena mpaka kikaisha.

Shuka lilikuwa la kijani lililopauka, lina doa la dawa ya kahawia upande wa miguuni. Beseni la njano chini ya kitanda. Chupa ya chai nyekundu, ina maua, kifuniko chake ni cha chupa nyingine, cheupe. Mama yako amejifunga kanga ya rangi ya machungwa. Nakuona wewe kwenye kitambaa cha waridi, mwekundu unang'aa kama watoto wote wanavyozaliwa, na Bibi yako, wakati huo macho yake mazima, anapiga vigelegele, anasema, "Salome, umeniletea mzungu!"

Mama yako akasema, "Mama, subiri." Akakusogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akakukunja sikio taratibu, pale juu kwenye ukingo, wanapoangalia akina mama kujua mtoto atakuwa wa rangi gani akikua. Ukingo ule ulikuwa mweusi tayari. Akaweka kidole chake pale, Rehema, na nilikuwa nimeinama karibu, na sikuona kidole chake kilipoishia wala sikio lako lilipoanzia. Akacheka kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, akamwambia Bibi yako:

"Huyu si mzungu wa mtu. Huyu ni mimi mtupu."

Baba yako, anayekupenda